Kiti cha Kukua Nacho

Mliponiaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani na kuniomba jambo moja: niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Saa nimeitundika. Haya ndiyo maandishi. Hamtapata humu habari za vyeo wala barua za kupandishwa daraja. Hizo ziko kwenye faili za afisi na hazijawahi kumsaidia mtoto yeyote kuketi. Nitaandika zaidi kuhusu viti, na hasa kiti kimoja kilichotengenezwa vibaya mbele ya macho yangu, na mvulana ambaye nafasi yake ya shule ilikitegemea.

Nilikuja Thika nikiwa na cheti kipya cha tiba ya kazi, fani ya kuwasaidia wenye ulemavu kufanya shughuli za kila siku, ambayo hadi leo watu wengi hudhani inahusu kutafutia watu ajira. Mama mmoja aliniletea vyeti vya kijana wake wa kidato cha nne, akaketi, akangoja. Siku ya kwanza kliniki nilionyeshwa chumba chenye godoro la mazoezi, kioo kirefu kilichopasuka kona, na mlango wa nyuma ulioelekea karakana. Huko nilimkuta Mutiso, seremala wetu, Mkamba mwenye maneno machache na penseli isiyotoka sikioni. Aliniuliza kama najua kuketi. Nikacheka. Akaniambia nipande juu ya meza yake ya kazi, akanipa karatasi na kalamu, akasema niandike ripoti yangu ya kwanza pale pale.

Meza ilikuwa ndefu kwenda juu na miguu yangu ikawa inaning'inia. Baada ya robo saa mgongo uliniuma. Baada ya nusu saa mkono mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza nisianguke, na mwandiko wangu ulikuwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Mutiso aliendelea kupiga randa. Mwishowe alisukuma boksi la misumari chini ya nyayo zangu, na mwili wote ukatulia mara moja. Tangu siku hiyo, kila nilipomwona mtoto ambaye mikono yake haifanyi kazi, nilianza kwa kutazama miguu yake imekanyaga nini.

Miaka ya mwanzo tuliwatengenezea watoto wasioweza kuketi wenyewe viti vya mbao za saiprasi. Vilikuwa vizuri na vizito, na vilichukua muda. Kimoja kilirudi baada ya siku mbili. Mama mwenyewe alikuwa amekilipia boda boda kutoka Ruiru, kimefungwa nyuma kama mbuzi. Aliniambia kwa upole kwamba kiti kiliingia nyumbani vizuri, ila kitanda ndicho kikatakiwa kitoke. Nikaona aibu. Nilikuwa nimempima mtoto kwa makini na sikuwahi kuuliza chumba kina ukubwa gani.

Hapo nikaanza kutembelea nyumba, siku za Jumanne, Ruiru na kandokando yake. Ruiru ilikuwa inapanda juu. Palipokuwa na kahawa mwaka mmoja, mwaka uliofuata pana ploti ya orofa nne na nguo zimeanikwa kwenye kila reli. Niliandika kila nilichoona katika daftari: dirisha liko upande gani, mlango una upana gani, mtoto analala wapi. Neno lililojirudia sana katika daftari hilo ni pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na godoro, na juu ya godoro mtoto wa miaka minne, mitano, sita, akitazama dari. Mara nyingi jirani wa mlango wa pili hakujua kwamba mtoto huyo yuko.

Wazo la kutumia katoni si langu. Nililiona kwenye mafunzo ya siku chache, nikalileta nyumbani. Katika ripoti za afisi liliitwa ubunifu wa idara nami sikusahihisha, jambo ninalolikiri sasa kwa kuwa hakuna wa kuniita afisini. Unachukua katoni za supamaketi, unazipaka uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, unazikandamiza kwa mawe, unazikausha. Zikikauka unazikata kwa msumeno kama mbao, unaunganisha, unafunika kwa vipande vya gazeti, unamaliza kwa vanishi. Kiti ni chepesi. Mama anakiinua kwa mkono mmoja. Mutiso alipanda juu ya cha kwanza na viatu vyake, akaruka mara moja, akashuka bila kusema neno. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Cha pili nilikitengeneza mwezi wa Julai. Mtu wa Mombasa angesamehewa kosa hilo. Julai ya Thika jua hutoka saa nane, likitaka, na kiti changu kiliota ukungu wa kijani kabla ya kukauka. Cha tatu kililiwa na panya kwa sababu ya ule uji wa ngano. Hata vilipoanza kutoka vizuri, nilikuwa mtu mmoja mwenye kisu kimoja, nikitoa kiti kimoja kwa mwezi, na benchi la kliniki ya Alhamisi lilikuwa limejaa akina mama wanaongoja.

Aliyelifungua fundo hilo ni Cucu Wanjiru wa Kalimoni. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa akimlea mjukuu ambaye hakuweza kushika shingo. Alhamisi moja alinitazama nikipaka uji, jasho likinitoka, akaniuliza mbele ya benchi zima, "Wewe peke yako utamaliza lini? Hata shamba la mahindi halilimwi hivyo."

Akawaeleza akina mama vijana wa benchi habari za ngwatio: leo wanawake wote wako kwenye shamba lako na majembe yao, kesho wote kwa jirani, mpaka mzunguko uishe na hakuna aliyebaki na magugu. Nafula, mama kutoka Bungoma aliyefanya kazi kiwanda cha nguo Ruiru, akasema hata kwao jambo hilo liko, ni jina tu linalobadilika. Mama Shiro, fundi wa kushona unifomu mwenye kibanda karibu na stendi ya Ruiru, akauliza swali la maana zaidi: nani atapika chai. Mwenye nyumba, akaambiwa. Ikawa imepita.

Kwa hiyo viti vikaanza kutengenezwa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kila Alhamisi mchana. Mimi nilipima mtoto na kuandika vipimo juu ya katoni. Wao walipaka, walikandamiza, walikata. Cucu alichemsha mubangi, lile gugu lenye harufu kali linaloota shambani baada ya mavuno, na maji yake ndiyo tuliyokorogea uji. Panya hawakurudi. Walinicheka nilivyokata katoni. Mama Shiro alisema ningekuwa mwanafunzi wake angenirudisha kwetu na barua.

Lakini nilichokuja kuelewa baadaye, na ndicho ningependa mkishike, ni kwamba kiti kilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanywa na ile desturi ya kuja kwako. Mama mmoja aliomba zamu yake ifanyiwe kliniki kwa sababu mwenye ploti hakujua ana mtoto wa pili. Cucu akamwambia, "Ngwatio haiji barabarani. Inakuja kwa shamba lako." Wakaenda, wanawake tisa na katoni kichwani. Mwenye ploti akateremka kuuliza ni mkutano gani huu, akaonyeshwa mtoto. Kisha akaulizwa kama anaweza kushika upande ule mwingine wa katoni, na akashika. Kiti kilianikwa uani siku tano na kila aliyepita na ndoo aliuliza ni cha nani. Hakuna barua ya wizara niliyowahi kuisoma iliyofungua pazia namna hiyo.

Sasa nifike kwa Emmanuel. Alikuwa mtoto wa Nafula, miaka saba, ana mtindio wa ubongo, mwembamba kama fito, macho ya mtu anayesikiliza kila kitu. Aliweza kusema, ila neno lilichukua muda kutoka, na watu wengi walikuwa wameshageuka kabla halijafika. Nafula akiwa kiwandani, jirani mmoja mzee alimtunza. Jirani huyo alikuwa anahamia kwa mwanawe mwisho wa muhula. Bila jirani, Emmanuel angepelekwa Bungoma kwa nyanya yake, na Nafula angebaki Ruiru na kazi, akimwona Krismasi. Njia nyingine ilikuwa moja tu: shule.

Nilimtembelea mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mama mrefu ambaye watoto na walimu walimwita Madam. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ana mwalimu mmoja kwa darasa lililojaa, na hawezi kumpa kazi ya kushikilia mtoto. Akanipa sharti: Emmanuel aketi mwenyewe kipindi kimoja, dakika thelathini na tano, darasani, na wenzake. Akiweza, nafasi ni yake. Asipoweza, tusimlaumu.

Zamu ya Nafula ikasogezwa mbele. Nilimpima Emmanuel mara mbili: upana wa nyonga, urefu wa paja, nyuma ya goti hadi kisigino. Nikaandika namba juu ya katoni kwa kalamu nyekundu, nikarudi Thika kwa kikao ambacho sikumbuki kilihusu nini. Wiki iliyofuata nilikuta kiti kimefika hatua ya magazeti. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Pia kilikuwa kipana. Sikuhitaji tepu kuona.

Nilimuuliza Mama Shiro, naye akanieleza kwa fahari kwamba ameongeza vidole vitatu kila upande, na vinne mbele. "Ni cha kukua nacho, daktari. Si unajua watoto."

Mimi si daktari, lakini niliacha kusahihisha hilo mwaka wa pili. Na nilijua watoto. Nilijua pia kila mtoto wa Kenya aliyeanza shule na sweta inayofika magotini, mikono imekunjwa mara tatu, ili ifike darasa la nne. Mimi mwenyewe nilivaa kaptura ya aina hiyo. Kwa Mama Shiro, kumtengenezea mtoto wa mwenzako kitu kinachomtosha leo tu kulikuwa ni uchoyo. Wanawake walikuwa wanaimba, Nafula alikuwa anacheka, siku ya shule ilikuwa Jumatatu. Nikajiambia mto utajaza pale pembeni. Nikanywa chai. Katika miaka yote ya kazi, hicho ndicho kikombe ninachokijutia.

Jumatatu tulimweka Emmanuel darasani, mito miwili ubavuni, mkanda kiunoni, meza yake mbele. Madam aliketi nyuma na saa mkononi. Dakika za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mto mmoja ukateleza na kiuno kikaufuata. Emmanuel alijaribu kujirudisha. Nilimwona akikaza shingo mpaka mishipa ikasimama. Bega likashuka, halafu kichwa. Kabla ya nusu ya kipindi alikuwa ameegemea ukingo wa kiti, shavu juu ya meza, udenda ukilowesha karatasi. Msichana wa mbele akainua mkono akasema, "Teacher, huyu amelala." Hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi yakinitazama.

Madam alitufuata nje. "Daktari," akasema, "huyu hajaketi. Amewekwa." Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba atangoja hadi Jumatatu moja baada ya ijayo, kwa sababu siku hiyo ndiyo anafunga orodha.

Nafula alimfunga Emmanuel mgongoni na leso kama kawaida, miguu mirefu ikimgonga mapajani. Hakulia. Aliniambia atampigia mamake simu jioni amweleze waje wamchukue. "Si umejaribu," akasema, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Alhamisi niliwaambia wanakikundi ukweli wote, pamoja na kwamba niliona na nikanyamaza. Nilitarajia Mama Shiro akasirike na kweli alikasirika, lakini si na mimi. "Nimeshona unifomu za shule hiyo tangu nianze kazi," akasema. "Hakuna mzazi hata mmoja amewahi kuniambia, shona saizi yake. Hata mmoja." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kile kiti. Mimi nilikuwa nimekuja na msumeno. Nilitaka tukikate, tukitoe kidole kimoja kimoja, tuunganishe upya. Akanizuia mkono.

"Ngoja," akasema. "Sketi ya kukua nayo haishonwi kubwa hivyo tu ikaachwa. Inawekwa pindo. Unakunja ndani, unashona, inamtosha leo. Akirefuka, unafungua."

Ndivyo kiti cha Emmanuel kilivyopata pindo. Tulitengeneza vibao vyembamba vya katoni vya kupanga ndani, pembeni na nyuma ya mgongo, na vingine chini ya nyayo, kila kimoja unene wa kidole. Havikubandikwa. Mama Shiro alivitoboa akavishonea kwa kamba za viatu, fundo likiwa nje, ili mama aweze kufungua kimoja kila mtoto anapoongezeka. Mutiso, aliyekuwa amestaafu wakati huo na kuja kwa ajili ya chai, alikigeuza kiti juu chini, akavuta kamba moja, akairudisha. Akachomoa penseli sikioni akampa Mama Shiro. Sikuwahi kumwona akimpa mtu penseli hiyo.

Tatizo likawa mvua. Ilikuwa Novemba, vibao vilikuwa vibichi, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Cucu Wanjiru alikuwa na jirani Kalimoni anayefuga vifaranga kwenye chumba chenye jiko la makaa, joto mchana na usiku. Vibao vilikaa humo siku tatu, juu ya waya, vifaranga wakilia chini yake. Vilitoka vikavu kama mfupa, na vikinuka kuku kiasi kwamba vanishi mbili hazikusaidia. Nafula alisema shule itadhani tumeleta chakula cha mchana.

Jumapili jioni tulimketisha nyumbani. Hakukuwa na mto hata mmoja. Nilipitisha kiganja kati ya nyonga na kibao. Kiliingia kiganja na si zaidi. Nyayo zilikanyaga. Emmanuel alitazama mikono yake yote miwili ikiwa juu ya meza, haijashika kitu, haimzuii kuanguka. Aliusogeza pole pole mmoja kuelekea mwingine mpaka ikagusana.

Jumatatu Madam aliketi pale pale nyuma. Mimi na Nafula tulisimama barazani, kando ya dirisha, kwa sababu Madam aliona heri tusiwe ndani. Niliangalia saa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Dakika kumi. Kumi na tano, pale alipoangukia mara ya kwanza. Aliinama kidogo, akajirudisha. Ishirini. Mwalimu alifuta ubao akaanza hesabu za kutoa. Kengele ilipolia Emmanuel alikuwa wima, amechoka, uso umelowa jasho kama mtu aliyelima. Madam alisimama, akatoka akapita mbele yetu, akaenda afisini. Alirudi na rejista, akaiweka juu ya ukingo wa dirisha, akamuuliza Nafula jina la tatu la mtoto linaandikwaje.

Kisha akamwambia aende nyumbani, arudi saa saba.

Nafula hakwenda. Alikunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi, akaiachia, akaikunja tena. Leso ilikuwa begani mwake, tupu. Kwa miaka saba hakuwahi kutoka mlangoni akiwa na Emmanuel na kurudi bila yeye. Aliniuliza bila kunitazama, "Sasa mimi niende wapi, daktari?"

Katika vitabu tulivyosomea hakuna ukurasa wa mama baada ya mtoto kuketi, na nawaomba nyinyi mliobaki muuandike.

Ndani, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Mwalimu aliuliza kumi na mbili kutoa tano ni ngapi, na mikono ikapanda darasa zima. Alikuwa ameshamnyooshea kidole msichana wa mbele alipoona kwamba kwenye kiti cha katoni midomo ilikuwa inatafuta neno. Akashusha mkono.

"Ngojeni," akawaambia watoto. "Emmanuel anajibu."

Nafula akageukia dirisha. Mikono ikashuka mmoja baada ya mwingine, darasa likatulia, na sisi sote, wa ndani na wa nje, tukangoja.